Aliyeombwa Kuwa Ushahidi

Jina la seremala huyo lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Sentimita, kwa sababu ukienda kuagiza kabati akakuuliza upana, nawe ukajibu "kama mita moja hivi," alikuwa anakurudisha nyumbani ukapime. Neno "kama" hakulitaka karakanani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye penseli sikioni hata siku ya ibada, na katika kwaya ya kanisa lake, lile kubwa la jiwe karibu na soko, ndiye aliyekuwa akishika sauti nzito ya chini.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka kumi na mitatu. Binti huyo alikuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo Sentimita tangu mwanzo alimwita Mama. "Mama, niletee patasi." "Mama, umekula?" Alipotimiza miaka kumi na tisa, binti alimwambia baba yake kwamba amejiunga na dhehebu la watu wa Kituo, kanisa dogo lililokuwa nyuma ya bohari la saruji, lenye jengo la vijana ubavuni. Sentimita alikuwa anapiga randa. Hakuinua uso. Alisema maneno manne tu: "Basi nenda ukakae nao." Binti akasubiri, labda kwa kudhani kwamba litafuata la tano. Halikufuata. Akaenda.

Mwaka huu ulikuwa wa nane.

Mfamasia aliingia karakanani Jumatatu asubuhi, akikanyaga maranda kwa uangalifu wa mtu mwenye viatu vipya. Alikuwa mwenye duka la dawa pale kona, mtu msomi, mnyoofu, asiyeuza kidonge bila kukupa somo.

"Za kazi, fundi?"

"Njema. Karibu. Kaa hapo, hicho kimeshakauka."

Mfamasia alikaa, akaeleza kilichomleta. Halmashauri ilikuwa imetenga fedha za vijana, na kila mtaa ulitakiwa kupendekeza mradi mmoja. Mtaani kwao lilikuwa limefika ombi moja tu, la wale watu wa Kituo. Walitaka paa jipya na ukarabati wa chumba cha kusomea. Wananchi wangekutana Jumamosi kulijadili.

"Mimi sina ugomvi na dini ya mtu," alisema mfamasia. "Wasali mpaka magoti yaote sugu. Lakini pesa ya serikali ni ya wote. Ni yangu, ni yako, ni ya jirani yangu wa dini nyingine, ni ya yule asiye na dini kabisa. Haiwezi kulipia mahali ambapo mtoto anaingia kunywa chai, anatoka na dhehebu jipya."

Sentimita aliendelea kupiga msasa.

"Nikisimama mimi kusema hayo, watasema huyo naye na vitabu vyake. Ukisimama wewe, nani atabisha? Wanajua yaliyokukuta. Wewe ndiye ushahidi wenyewe."

Sentimita alipuliza vumbi juu ya ubao, akaupapasa kwa kiganja. "Nimekusikia," alisema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mfamasia akaondoka akiamini amekubaliwa.

Ukweli ni kwamba neno lile la ushahidi lilimkaa kooni kutwa nzima. Miaka minane hakuna aliyemtajia binti yake uso kwa uso isipokuwa dada mkubwa wa Sentimita, fundi cherehani, na huyo naye alikuwa akimtaja kwa kupitia pembeni. Alikuwa akija na kibakuli cha mboga, anakaa, anazungumzia bei ya uzi, halafu katikati ya uzi anachomeka: "Yule mtu wetu amepata kazi, yuko zahanati ya mji ule wa kiwandani." Mwaka mwingine: "Yule mtu wetu alikuwa anaumwa, sasa hajambo." Sentimita hakuwahi kuuliza swali hata moja. Ila dada yake alikuwa ameshagundua kitu, na hakukisema: kila alipoanza kumtaja yule mtu wao, kaka yake alizima msumeno.

Nyumbani chumba cha binti kilikuwa vilevile. Si kwamba alikihifadhi kama makumbusho. Aliwekamo mbao za kukausha, akaziegemeza ukutani upande ule usiokuwa na kitanda. Lakini siku za Jumapili baada ya ibada alikuwa akiingia kuzigeuza, na kazi ya dakika kumi ilikuwa ikimchukua saa nzima. Alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti, akijaribu kukumbuka sauti ya bintiye. Sura aliikumbuka. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka kidogo kidogo, na hilo lilimtisha kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Jumatano mwenyekiti wa mtaa alimpigia simu. Alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapokusalimu.

"Fundi, nina ombi, na usinikatalie. Kikao hakiwezi kujadili paa ambalo hakuna aliyelipanda. Nenda kanikagulie lile jengo la Kituo. Paa, milango, meza. Utuletee maneno ya fundi, siyo ya siasa."

"Hakuna fundi mwingine?"

"Wapo. Wanasema kama."

Basi akaenda. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka lango la Kituo. Wakati binti bado mdogo na akienda kusomea pale, alikuwa akiishia nje kumpokea, na baadaye hata kumpokea akaacha, kwa kuwa alikuwa na kazi. Mama Mlezi, msimamizi wa Kituo, alimfungulia mwenyewe. Ndivyo vijana walivyomwita, Mama Mlezi, na zamani jina hilo lilikuwa likimkera Sentimita hasa neno lake la kwanza. Kichwani Sentimita alikuwa amejenga picha ya mwanamke mnene, mwenye maneno matamu. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwembamba, mwenye mvi, akiwa ameshika ufagio, na alipomtambua alishusha macho.

"Karibu, Baba," alisema. "Ngazi iko kule nyuma."

Sentimita alipanda darini. Kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa na mchwa, za upande wa mashariki. Mabati yalikuwa yametoboka kiasi kwamba jua lilichora nukta sakafuni. Aliandika yote hayo. Alishuka, akapima milango, akatikisa bawaba, akaingia chumba cha kusomea.

Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, meza sita na mabenchi kumi na mawili. Wasichana watatu walikuwa wamejiinamia juu ya hesabu, wakamwamkia kwa pamoja, wakarudi kwenye hesabu zao. Sentimita alianza kutikisa benchi moja baada ya jingine. Yaliyumba. Moja lilikuwa limekunjiwa karatasi chini ya mguu. Alipofika benchi la dirisha la mwisho, alilitikisa, nalo likakataa kutikisika.

Aliligeuza juu chini. Mguu ulikuwa umewahi kuvunjika, ukaungwa upya kwa meno yanayoumana, bila msumari hata mmoja. Meno yenyewe hayakulingana, jino la tatu lilikuwa limechongwa kwa mkono wa mtu anayeharakisha. Mtaani kote aliyejua kuunga hivyo alikuwa yeye peke yake, na mtoto mmoja ambaye yeye mwenyewe alimfundisha akiwa na miaka kumi, akisimama juu ya ndoo ili afikie meza ya kazi.

"Alilitengeneza akiwa kidato cha pili," Mama Mlezi alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini ili wasichana wasisikie. "Nilimwambia tutapigilia msumari, akasema baba yake akiona msumari hapo hatamsemesha wiki nzima."

Sentimita aliinama zaidi. Aliendelea kulipapasa lile jino la tatu kwa kidole gumba.

"Alikuwa anakaa hapo hapo. Mwaka wa kwanza hakusali na sisi hata mara moja. Alikuwa akija kwa ajili ya meza na taa. Kila saa kumi na mbili anafunga daftari, anasema anaenda kumpikia baba yake. Baadaye akawa anachelewa. Nikamuuliza, akasema hata akiwahi nyumbani hakuna mtu, baba yuko karakanani mpaka apitiwe na usingizi kwenye kiti."

Hilo lilikuwa kweli. Baada ya mkewe kufariki alikuwa ameikimbia nyumba. Alijiambia anatafuta ada, na ada aliitafuta, lakini hata siku zisizokuwa na kazi alikuwa akibaki karakanani, akinoa patasi zilizokwisha noleka, kwa sababu jikoni kulikuwa kimya mno. Hakuwahi kujiuliza nani mwingine alikuwa akikaa na kimya kile.

"Na mimi nina langu," alisema Mama Mlezi. Alikuwa ameshika mpini wa ufagio kwa mikono miwili. "Alipojiunga nasi tulifurahi. Tuliimba. Hakuna aliyemuuliza kama amezungumza na baba yake. Mimi ni mtu mzima, ningekuja kwako kwanza. Nilijua karakana iko wapi. Sikuja, kwa sababu niliogopa ungemzuia."

"Ningemzuia."

"Najua. Hata hivyo, ningekuja."

Sentimita alilirudisha benchi mahali pake. Alimaliza kupima meza zote, akaaga, akatoka. Njiani alipita duka la dawa bila kugeuza shingo.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mwenyekiti alifungua kikao, akatoa onyo kwamba anayetaka kuhubiri aende akahubiri kwake, na anayetaka kutukana dini ya mtu aanze kutafuta mlango. Watu wakacheka, wakatulia.

Mfamasia alizungumza vizuri, bila kumpaka mtu matope. Alisema yale yale ya Jumatatu, akaongeza kwamba leo ni Kituo hiki, kesho kila nyumba ya ibada italeta ombi, na itakayonyimwa itasema imeonewa. Baada yake alisimama muuza maziwa, mwenye wanawe wanne, wa dini nyingine kabisa.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Wanangu wakitoka shule saa tisa, mimi narudi saa moja. Hapo katikati wako na nani? Mwaka jana nilikuwa sijui. Mwaka huu wawili wanakwenda Kituo, najua walipo. Lakini pia nauliza: wakiimba nyumbani kwangu wimbo wa kule, nifanye nini?"

"Kuna kusali?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka dirishani.

Mama Mlezi alisimama. "Kabla ya chai tunasali. Hatumlazimishi mtu. Asiyetaka hukaa nje mpaka tumalize."

"Na chai anapata?"

"Anapata."

"Ya moto?"

Ukumbi ukacheka, na Mama Mlezi mwenyewe akajikuta anatabasamu kwa shida. "Wakati mwingine imepoa," alisema. "Sitadanganya."

Mwenyekiti akamwita fundi. Sentimita alisimama na daftari lake, akasoma: kenchi mbili, mabati ishirini na mawili, bawaba saba, mabenchi kumi na moja. Alisema jengo litastahimili msimu mmoja wa mvua, pengine lisifike wa pili. Alifunga daftari. Mfamasia, akiwa amekaa mstari wa mbele, akasema kwa upole kabisa: "Fundi, na lile jingine?"

Kila aliyekuwa mle alijua lile jingine ni lipi. Sentimita alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nimeombwa niwe ushahidi," alisema. "Sawa. Nitatoa ushahidi, ila niutoe wote. Binti yangu aliingia Kituo akiwa na miaka kumi na mitatu, mama yake ametoka kuzikwa. Nilimwacha aende kwa sababu kulikuwa na taa na meza. Mimi taa na meza nilikuwa nazo, ila nilikuwa sikai nyumbani. Wale watu wakakaa naye. Halafu wakamchukua kwenye dhehebu lao, na hawakuniambia, na hilo halikuwa sawa. Mama huyu pale analijua, ameniambia kwa mdomo wake. Lakini nyumbani kwangu hawakumtoa wao. Nilimtoa mimi. Nilimwambia nenda, akaenda."

Sauti yake nzito ya kwaya ilikuwa inakwaruza.

"Sasa mkiuliza pesa itolewe au isitolewe, mfamasia ana hoja, na muuza maziwa ana hoja, na mimi sikusoma mambo hayo. Ninachoomba ni kimoja. Msinitumie mimi kuwanyima. Anayewanyima awanyime kwa sababu nyingine." Akakaa.

Walijadiliana saa mbili nzima. Mwishoni walikubaliana, kwa mikono mingi kidogo kuliko iliyopinga, kwamba mtaa upendekeze Kituo kipewe fedha kwa sharti moja: kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni jengo liwe la wote, pasiwe na sala wala mahubiri. Ilionekana njia nzuri. Lakini wazee wa lile kanisa dogo walikaa wiki mbili wakaandika barua kwamba nyumba waliyoijenga kwa sala hawatazimisha sala ndani yake kwa ajili ya mabati, wanashukuru. Fedha zikaenda mtaa wa pili, wakaweka taa uwanjani. Wengine walisema watu wa Kituo ni wakaidi, wengine wakasema wana msimamo. Muuza maziwa alisema lolote na liwe, ila mvua ipo njiani.

Mfamasia ndiye aliyewashangaza. Alikuja tena karakanani, na viatu vile vile, akasema amelipia mabati manane dukani kwa jina la Kituo. Sentimita alimtazama.

"Yangu mwenyewe naitoa ninapotaka," alisema mfamasia, akijitetea kabla hajashambuliwa. "Ya serikali ndiyo niliyoikatalia. Usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa vibaya," alisema Sentimita. "Ila manane hayatoshi." Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Kenchi alizibadilisha Sentimita mwenyewe, Jumamosi mbili mfululizo. Upande wa magharibi ulibaki na matundu yake.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile ile ya kikao, alikuwa amekwenda kwa dada yake. Alimkuta akifunika cherehani.

"Dada, nipe namba ya yule mtu wetu."

Dada yake aliiandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akamkabidhi, akageuka kutafuta leso ambayo haikuwa imepotea.

Alipiga kesho yake mchana, amekaa kwenye ukingo wa kile kitanda. Simu ililia mara nyingi. Kisha ikaja ile sauti.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameikosea. Kwenye kumbukumbu yake alikuwa ameifanya nyembamba kuliko ilivyo. Kumbe ilikuwa imeshuka, imetulia, sauti ya mtu anayewaambia wagonjwa wakae foleni. Maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yakampotea yote.

"Mama," alisema.

Nyuma ya binti ulisikika mlio wa vyombo vinavyooshwa, halafu vyombo vikanyamaza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimeliona benchi lako. Pale Kituo. Jino la tatu limepinda."

"Nilikuwa sina msumeno mdogo," alisema binti. Kisha akaanza kulia, naye akamsikiliza alie, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumshika.

Alimwomba radhi siku hiyo hiyo, bila kuzungusha. Binti hakusema amesamehe. Alisema, "Usije kwanza, Baba. Niache nizoee sauti yako." Sentimita akawa anapiga kila Jumapili. Mwanzoni walizungumzia hali ya hewa na mafua, kama watu waliokutana kwenye foleni. Jumapili ya tatu alijua ana mkwe, fundi wa friji. Ya nne alijua ana mjukuu wa kike wa miaka mitatu, na kwamba dada yake alikuwa akilijua hilo siku zote. Alikaa na habari hiyo wiki nzima. Alikuwa akiinuka katikati ya kazi, anasimama mlangoni, anatazama watoto wa watu wakipita na mabegi, akijaribu kukadiria mtoto wa miaka mitatu anafika wapi kwenye goti la mtu mzima.

Jumapili moja binti alisema: "Mwisho wa mwezi nina siku tatu za mapumziko. Sijui nitafanya nini nazo."

Zamani angemwambia njoo. Safari hii alisema, "Mimi nipo."

Mwisho wa mwezi ule hakuja. Alikuja uliofuata, siku moja, mchana, akiwa amemshika mtoto mkono. Alikuwa amenenepa kidogo, na usoni ana mstari kati ya nyusi ambao Sentimita hakuwepo ulipochorwa. Walikunywa chai. Mtoto alikataa kusalimia, akajificha nyuma ya sketi, kisha akaibuka na kuokota maranda, akayavaa kidoleni kama pete. Binti aliingia chumbani kwake, akaziona mbao, akakitazama kitanda kilichotandikwa, akatoka, na alipopita nyuma ya kiti cha baba yake aliweka mkono begani mwake, akauacha hapo kwa muda. Kisha akasema anataka kwenda kumsalimia Mama Mlezi kabla ya gari lake. Sentimita akasema nenda, na safari hii akatembea naye mpaka langoni.

Alasiri alimsindikiza kituo cha mabasi. Mtoto alikuwa amelala begani kwa babu yake, mzito kama mfuko wa misumari, pumzi yake ikimpiga shingoni. Alitamani barabara iwe ndefu zaidi. Basi likafika, binti akanyoosha mikono, akampokea mtoto.

"Utarudi lini?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

Binti alimtazama, si kwa hasira. "Baba," alisema, "leo nimekuja."

"Ni kweli," alisema Sentimita. "Umekuja."

Basi lilipoondoka alibaki amesimama pale, mkono mmoja bado umeinuliwa, na begani shati lake likiwa na unyevu pale mtoto alipolala, mpaka upepo ukalikausha.